Uzi: Nguo za safari ndefu ya gari majani yakianza kupukutika (usibebe kabati zima)

#1 Mleta mada

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale wanaoingia barabarani kwa gari siku tatu, nne au wiki nzima, katika ule msimu ambao majani yanageuka manjano na kudondoka. Kamusi huuita vuli, lakini ukimwambia mtu vuli anawaza mvua, kwa hiyo mimi nitasema msimu wa kupukutika tuelewane.

Tatizo la msimu huu si baridi. Baridi ingekuwa baridi tu, ungevaa zito ukamaliza. Tatizo ni kwamba siku moja ina hali ya hewa tatu. Alfajiri umande umeganda kwenye kioo cha gari. Saa nane mchana jua linakuchoma shavu kupitia dirisha. Saa kumi na mbili jioni unatafuta pa kuficha mikono. Usiku ukiwa hauna mawingu ardhi hupoteza joto haraka sana, na tofauti kati ya alfajiri na mchana inaweza kufika nyuzi 15 za Selsiasi. Halafu njia ikipanda mlima mambo yanabadilika tena: kwa wastani kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka nyuzi 6 na nusu. Kwa hiyo mlipokula mchana mkiwa na fulana, na kule juu mnakopiga picha saa moja baadaye, ni kama mmehama bara.

Safari yangu ya kwanza nilijiona mjanja. Koti moja zito la sufu, chini yake fulana ya pamba, basi. Hita ikiwashwa nachemka. Nikivua koti nabaki na kifulana, kioo kikishushwa kidogo natetemeka, nalivaa tena. Tulipofika mahali pa kutazamia bonde nikatoka garini mgongo umelowa jasho, na upepo ukanipata pale pale penye unyevu. Sikumaliza dakika tano. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo ile fulana iliyolowa ilikuwa inanipokonya joto chini ya koti la maana kabisa. Picha zote za siku ile nimekunja mikono kama mtu anayesubiri hukumu.

Tangu hapo nimebaki na kanuni moja ambayo sijaona wengi wakiisema: nguo ya safari ya gari unaichagua kwa jinsi inavyovuliwa. Kuvaa si kazi, kila mtu anajua kuvaa. Mtu anayetembea kwa miguu mwili wake unapata joto taratibu na unapoa taratibu. Wewe wa kwenye gari unafungua mlango tu, umetoka kwenye nyuzi 22 umeingia kwenye nyuzi 5, na baada ya robo saa unarudi. Hivyo mara kumi kwa siku.

Sasa jaribu kuvua sweta la kupitisha kichwani ukiwa siti ya mbele, mkanda umefungwa. Hereni imenasa kwenye nyuzi, kiwiko kinamgonga dereva, shati la ndani limepanda hadi kifuani, na wakati huo huo mnapita pale mlipopasubiri tangu asubuhi. Dereva ndiyo kabisa, yeye hana haki hata ya kujaribu, aegeshe kwanza. Kwa hiyo kwangu mimi kila kinachokaa juu ya nguo ya ndani lazima kifunguke mbele: zipu, vifungo, au hakina kifungo kabisa. Kardigani, yaani sweta la vifungo mbele, ndiyo malkia hapa. (Jina hilo limetoka kwa Earl wa Cardigan, yule kamanda wa Kiingereza aliyeongoza shambulio la wapanda farasi katika vita vya Crimea mwaka 1854. Nadhani mtu anayepigana juu ya farasi naye hakuwa na muda wa kupitisha sweta kichwani.)

Ndani kabisa, inayogusa ngozi, vaa nyembamba isiyong'ang'ania jasho. Sufu laini ya merino ni bora kuliko zote kama unaimudu: inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, na inachelewa kunuka, kwa hiyo mbili zinakutosha siku nne. Poliesta inakauka upesi zaidi lakini harufu yake siku ya pili, ndani ya gari lililofungwa vioo, na watu wanne... namuachia msomaji.

Katikati ni pale pa kutunza joto. Kinachotunza joto si uzi wenyewe, ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Ndiyo maana vitu viwili vyepesi, kimoja juu ya kingine, vinashinda kizito kimoja: kuna hewa ndani ya kila kimoja na nyingine katikati yao. Kardigani, flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi) ya zipu, kizibao kilichojazwa manyoya au nyuzi, shati nene la mirabaraba linalovaliwa wazi. Chagua viwili.

Nje ni kwa ajili ya upepo na mvua tu, usiipe kazi ya joto. Upepo msiudharau: kwenye nyuzi 5, upepo wa kilomita 30 kwa saa unakufanya uhisi kama ni sifuri. Jaketi jembamba lisilopitisha upepo, lenye kofia, lililokatwa kwa upana wa kuingia juu ya vile viwili vya katikati. Lijaribu nyumbani ukiwa umevaa vyote, uinue mikono juu. Likikubana kwapani hilo ni la kazini, liache.

Nitaendelea na mambo ya rangi na mpangilio wa begi. Karibuni.

#2

Mleta mada ahsante, nimekupata. Lakini jinzi vipi? Mimi safari ni jinzi, sina mjadala.

#3 Mleta mada

Mkuu jinzi beba, hata mimi nabeba moja. Ila moja, na usiitegemee siku ya mvua. Ni pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, ikishalowa inashikilia maji, inakuwa nzito, na haitakauka usiku mmoja kwenye chumba cha kulala wageni. Nyingine ni ile ya kukaa nayo: kwa muda wa saa sita umekunja magoti, mshono wa kiunoni unakuchora. Asubuhi ya kuendesha mbali mimi navaa suruali yenye mnyumbuko kidogo, ya rangi nyeusi au kaki nzito, ambayo ukishuka bado inaonekana suruali ya heshima. Jinzi naivaa siku ya kuzunguka mjini kwa miguu. Na kwa wanaovaa sketi au gauni: taitsi nene chini yake ni joto kuliko jinzi, jaribuni mtaniambia.

#4

Kuna kitu nataka kukiongeza kwenye post namba moja kwa sababu nina watoto wawili wa siti za nyuma. Yale majaketi yaliyovimba, YASIVALIWE chini ya mkanda wa siti ya mtoto. Gari likipigwa, ule ujazo unabonyea mara moja na mikanda inabaki imelegea, mtoto anaweza hata kuchomoka. Mnaweza kupima wenyewe. Mvisheni mtoto jaketi lake, mfungeni kwenye siti, kazeni mikanda. Halafu mfungueni bila kulegeza mikanda, mvueni jaketi, mrudisheni na mfungeni tena. Mtaona pengo lililobaki. Nilipojaribu mimi, mkono wangu uliingia wote pale kifuani. Niliishiwa nguvu, maana msimu mzima uliopita nilikuwa namfunga hivyo nikijiona mama mwenye huruma.

Ninachofanya sasa: fulana ya ndani, flisi nyembamba, mkanda unakazwa mpaka nikijaribu kuufinya begani vidole haviupati. Kisha blanketi juu ya mkanda, au jaketi lenyewe analivaa kinyumenyume, mikono mbele, mgongo wazi. Akipata joto analitupa mwenyewe.

#5 Mleta mada

Dada umesema jambo kubwa kuliko uzi wangu wote. Na hata sisi wazima, koti zito chini ya mkanda linaufanya ukae mbali na mifupa ya nyonga. Tufungue koti, mkanda upite chini yake, ukiubana mwili.

#6

Mimi nitapinga kidogo. Mmegeuza safari kuwa maabara. Nina koti moja zito, la goti, limenitumikia miaka. Nikisikia joto nafungua dirisha. Nikisikia baridi nafunga. Mizigo yangu ni begi moja la mgongoni, nyie mnabeba vizibao na kardigani kama mnahama. Na kusema kweli mtu aliyevaa nguo nne juu ya nguo anaonekana kama gunia lililofungwa katikati.

#7 Mleta mada

Hahaha mkuu karibu. Koti lako la goti pekee linakula nafasi kuliko flisi, kizibao na jaketi langu la mvua vikiwekwa pamoja, tena nimevikunja bila kuvibana. Kwa uzito sitabishana, tupeleke kwenye mizani.

Hoja ya gunia lakini ni ya kweli na ndiyo niliyotaka kuifikia. Watu wengi wakivaa nguo juu ya nguo wanaharibu kwa mambo mawili, unene na urefu. Unene: unaanza na nyembamba kabisa ndani, unaongeza kadiri unavyotoka nje. Ukiweka shati nene chini ya sweta jembamba, kila kola na kila kifungo kitachora juu kama kitu kilichomezwa. Urefu: nguo ya nje ndiyo iwe ndefu kuliko zote, au basi iwe fupi kwa makusudi hadi kiunoni, mtu aone ni mtindo. Kinachochekesha ni ile nusu nusu, kardigani inachungulia sentimita tano chini ya jaketi pande zote. Na sehemu moja ibaki nyembamba. Ukivimba juu, suruali iwe ya kubana kiasi. Ukivaa suruali pana, juu pabane.

Rangi. Hapa nina msimamo. Chukua rangi tatu tu kwa safari nzima, mbili za kimya na moja ya kusema. Mfano wangu wa mwisho: bluu ya usiku, krimu, na damu ya mzee (nyekundu iliyokolea). Kila kipande kilikuwa moja kati ya hizo, kwa hiyo nilivaa gizani saa kumi na moja alfajiri bila kuwasha taa na bado vilikubaliana. Halafu fikiria kinachokuwa nyuma yako kwenye picha. Msimu huu dunia nzima ni manjano, kahawia na rangi ya kutu. Kila mwaka watu wananunua sweta la rangi ya kutu "liendane na majani", linaendana kweli, linaendana mpaka mwenye sweta haonekani. Ukisimama mbele ya miti hiyo na krimu, bluu nzito au kijani cha jeshi, unajitokeza.

Rangi ya kusema iweke kwenye skafu. Na skafu iwe kubwa, ile ya kufunika mabega yote mawili. Shingoni ni skafu, garini ni blanketi, ikikunjwa ni mto wa dirishani, ikitupwa juu ya jaketi la mvua lisilo na sura inakuokoa kwenye picha.

#8

Mwenzenu nimebaki hapo kwenye damu ya mzee 😂 Vijana wa siku hizi hawaijui hiyo rangi. Swali: viatu? Na jaketi la mvua nitajuaje ni la mvua kweli? Langu limeandikwa linazuia maji, mvua ya nusu saa nikalowa mabega.

#9 Mleta mada

Kuna tofauti kati ya kinachochelewesha maji na kisichopitisha maji. Lako ni la kwanza. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni namba kwenye lebo: 10,000 mm maana yake kitambaa kilivumilia safu ya maji yenye urefu wa mita 10 kabla hakijaanza kuvuja, na kwa safari kama hii hiyo inatosha na kubaki. Cha pili, ligeuze ndani nje utazame mishono. Kama imezibwa kwa utepe, sawa. Kama unaona uzi mtupu, maji yatapita kwenye matundu ya sindano, na mabegani ndipo penye mishono mingi. Umejijibu mwenyewe.

Viatu: jozi mbili. Mabuti ya kifundoni kwa matope na majani yaliyolowa, maana majani hayo yanateleza kama sabuni, na raba au kiatu chepesi cha kuendeshea. Soli nene ya buti inakuficha pedali, hujui umekanyaga kiasi gani. Hicho kinachobadilishwa kisiwekwe miguuni kwa dereva, kiatu kikiviringika chini ya breki hakuna atakayesimulia. Kiende kwenye buti. Buti la gari, siyo buti la mguuni, Kiswahili nacho!

Soksi ndizo pekee ninazobeba kwa wingi bila aibu. Jozi moja kila siku na mbili za ziada.

Nilisahau begi. Nguo za katikati na za nje HAZIKAI kwenye begi kubwa. Zikikaa humo hutazitumia, utasema "ngoja tu, tunarudi sasa hivi", utashuka na fulana. Nina mfuko laini wa kitambaa unaokaa nyuma ya siti ya mbele: flisi, jaketi la mvua, skafu, kofia ya sufu, glavu nyembamba. Ukifungua mlango mkono unaufikia. Begi kubwa linafunguliwa usiku tu. Humo masweta yanakunjwa na kuviringishwa, usiyatundike kwenye ndoano ya gari, yanavutika mabega na kutoa vinundu kama pembe. Kinachotundikwa ni shati moja la heshima, kwa ile jioni ya kukaa mahali pazuri. Kitani kiache, baada ya saa mbili kwenye siti kitakuwa kama karatasi iliyotolewa mfukoni.

#10

Na koti la manyoya ya bata? Nasikia ndiyo jepesi kuliko yote.

#11

Naomba nijibu hili. Ni jepesi na lina joto kweli, ninalo. Lakini likilowa manyoya yanashikana, ile hewa inakimbia, unabaki na mfuko uliolowa. Msimu wa kupukutika una manyunyu ya hapa na pale, kwa hiyo mimi nalivaa chini ya jaketi la mvua, silitoi peke yake mawingu yakiwa chini. Anayenunua leo na hana hakika na hali ya hewa achukue lililojazwa nyuzi za kutengenezwa, linajaza begi zaidi lakini likilowa bado linatunza joto kiasi.

#12

Naondoka kesho alfajiri, nimesoma wote. Moja tu: nguo zikilowa mchana tunazikausha wapi? Mara ya mwisho tulizitandaza siti ya nyuma, vioo vikajaa ukungu tukawa tunafuta kwa kiganja njia nzima.

#13 Mleta mada

Kwa kiganja umeongeza mafuta tu, usiku taa za wanaokuja zitakuvuruga. Unyevu wa nguo hauna pa kwenda, unatua kwenye kioo kwa sababu ndicho kitu cha baridi kuliko vyote humo ndani. Weka vilivyolowa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya buti la gari, uufunge. Kisha washa kiyoyozi PAMOJA na hita. Watu hudhani kiyoyozi ni cha kupoza tu, kumbe kinakausha hewa kwanza, hita inaipasha. Na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizime, iingie ya nje. Mkifika mnakolala, zungushia taulo kavu, viringisha, kandamiza kwa goti, ndipo utundike. Flisi asubuhi itakuwa kavu. Jinzi ya yule mkuu wa namba mbili itakuwa bado.

#14

Na mwavuli?

#15 Mleta mada

Acha. Upepo wa milimani utaugeuza bakuli. Kofia ya jaketi.

#6 tena

Nimerudi kutoka safari, siku nne. Nilikwenda na koti langu, nimerudi nalo. Usiku lilikuwa mfalme, nimelala nalo mara moja baada ya hita ya chumba kukataa, mwenye flisi aliyekuwa nasi alikuwa analitazama kwa jicho la wivu. Mchana, nakiri, lilikaa siti ya nyuma. Siku ya tatu tulilifunga mkanda kwa sababu kila kona lilikuwa linamwangukia mtu. Hiyo kardigani ya vifungo niliazima kwa shemeji, sijairudisha.